Sauti ya Jillo Juu ya Picha Yako

Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepata nafuu. Mpunga je, mwaka huu maji yaliufikia au yaliupita mbali? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Unakumbuka nilivyokuja hapo Chara na kamera, pamoja na Jillo, mtoto wa marehemu kaka yako, uliyemnyonyesha ziwa moja nami. Mwalimu wetu hapa anatufundisha sinema kwa njia mbili. Ya zamani, picha zinapita na mtu anazisimulia. Ya pili bado inajaribiwa: hakuna msimulizi, watu wanasikika wenyewe. Mimi nilichagua hiyo. Nilikupiga picha ukipanda mpunga tangu asubuhi, unaimba, mpaka ulipokaa kando ya mto kupumzika. Mwalimu aliisifu sana, akaniambia nimwachie aimalizie.

Juzi tukaitwa kuitazama. Mama, kazi yako yote imekatwa. Umebaki umekaa tu kando ya mto. Wimbo wako umeondolewa, na juu ya picha yako kuna sauti inayosema: "Mwanamke huyu anangoja mto umlishe. Njaa ya watu hawa ni uvivu wao."

Sauti hiyo ni ya Jillo.

Nilimfuata nje nikamuuliza kama hakukutambua. Alisema maneno aliandikiwa, na asingeyasoma yeye angeyasoma mwingine. Kisha akatazama chini.

"Shangazi hataiona, Komora."

Tunalala chumba kimoja, na tangu siku hiyo sijala naye.

Sasa tumeambiwa gari la sinema litakuja Garsen kuionyesha picha hiyo mvua ikikatika. Mimi ndiye nitakayeshika kipaza sauti niwafasirie watu kwa Kipokomo. Sitafasiri, Mama. Nitawaeleza ulichofanya asubuhi ile, kabla hujakaa. Mwalimu hatajua ninasema nini. Jillo atajua, maana ni lugha yake na ndiye atakayeendesha mashine, na akinichongea nitafukuzwa. Zamani ningeapa kwamba hawezi.

Nisalimie dada Habona anayekusomea barua hii, na baba mdogo, mwambie shuka lake nimeshalipata. Mke wa Jillo naye msalimie vizuri, wala usimweleze lolote; yeye hana kosa.

Siku hiyo njoo Garsen, ukae mbele.

Mwanao,
Komora