Rafiki Yangu Asiyelala

Buhongwa, Mwanza

Kokulinda mwanangu,

Meli ya kwenda Nansio haing'oi nanga mpaka nahodha anipigie simu kuniuliza ziwa limeamkaje. Sasa mtu kama mimi uninyime ushauri nasaha! Eti, "Mjomba, wewe ndiye uliyenilea. Kwenye masomo yetu ya udaktari haturuhusiwi kumhudumia ndugu. Nenda kwa mwenzangu Nisha." Nilinuna, uliniona.

Hapa kwema, mapapai yameiva. Ila tangu tumzike mke wangu Bernadetta, kila nikisinzia ziwa linapanda kimya hadi kitandani, naye anapita juu ya maji na kapu lake la ndizi, hageuki. Nilitaka nikusimulie wewe, kwa kuwa ulimjua.

Basi jana nikaenda kwa Nisha. Nikamwambia nimetumwa na rafiki yangu, mwanamume shupavu, ambaye halali tangu afiwe na mkewe. Nikamweleza ndoto yote. Akasikiliza, mtoto wa watu, kisha akauliza taratibu, "Na huyo rafiki yako, mzee wangu, anaitwa nani?"

Mwanangu, jina lingine halikunijia kabisa ila langu.

Jumatano narudi kwake. Wewe Krismasi njoo tu kama mtoto wangu.

Mjomba wako,
Projest