Shimo la Mawe la Baba

Langton, Dorset
26 Februari 1887

Kwa kaka yangu mpenzi Reuben,

Salamu nyingi zikufikie huko Valparaiso, au popote meli itakapokuwa imekutupa. Je, kifua chako kimepona? Sisi hatujambo, ila baba anakohoa vumbi la mawe kama kawaida yake. Nimekukumbuka mno, kaka. Kila nikikaanga vibua nakaanga na chako, halafu paka ndiye anayekila.

Sasa habari za shimo letu. Najua uliondoka ukiapa kwamba hutaozea chini ya ardhi kama baba. Tangu Pasaka hajaweza kushuka ngazi, na mila yetu unaijua: shimo likikaa mwaka na siku moja bila kuchimbwa, mchimbaji yeyote aweza kulichukua. Mchimbaji mwenzake Jabez Phippard akawa haishi kuja kulichungulia akitoka kanisani, akimuuliza baba yule baharia wake anarudi lini. Baba akijibu kwamba u njiani, Phippard hucheka na kusema, "Titus, asiyekuwepo na lake halipo." Nilitamani nimsukume ndani.

Niliomba nishuke mimi. Baba akakataa, akasema chama cha wachimbaji hakimtambui mwanamke, na jiwe nitakalokata litaitwa la wizi. Basi tukakaa kukungoja.

Jumanne hii, mkesha wa Kwaresima, wachimbaji walikutana kama kila mwaka. Baba akajikongoja hadi ukumbini, nami nimemshika mkono. Nilidhani anakwenda kuwaomba wakusubiri. Kumbe alisimama mbele ya wote akasema analiachia shimo, na mwenye kulitaka alichukue.

Njiani nilimfokea, Mungu anisamehe. Ndipo akaniambia neno ambalo amenikataza nisikuandikie. Alisema, "Thirza, yule mtoto haji kwa sababu anajua akitia mguu tu nitampa nyundo. Sasa sina cha kumpa. Labda atakuja."

Tangu siku hiyo amekigeuza kiti chake kikatazama bahari, na chakula hali mpaka nimgombeze. Hakuna kazi inayokungoja hapa, Reuben. Njoo ukae naye tu, kikohozi hiki hakitatungoja sana.

Majirani zetu akina Bower wote wanakusalimu. Baba naye anakusalimu. Anadhani nimekuandikia habari za hali ya hewa.

Ni mimi dada yako, ninayetamani urudi nyumbani,
Thirza