Sensa ya Gia Haikuwa Mbovu

Baba watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto tu. Kamfuate mtoto shuleni. Boti usiiguse, ufunguo ninao.

Asubuhi injini ya boti ilipogoma kuwaka ulisema sensa ya gia, ile inayozuia injini isiwake gia ikiwa imeingia, ni mbovu, inatuzuia bure. Nikakuambia mkono wa gia nauona umelegea. Ukacheka: "Wewe na hiyo sensa lenu moja, kulalamika." Ukaunganisha nyaya zake kuinyamazisha, ukaenda zako. Hata kungoja iwake hukungoja.

Niliyewasha ni mimi. Mkono ulionyesha gia iko huru, kumbe kule chini imeingia. Boti ikaruka, ikambana mdogo wangu kwenye ukuta wa gati, bado anafungua kamba. Sensa ilikuwa inatukataza, baba. Ilikuwa inatukataza!

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hukusikia wewe, guu lililovunjika ni la mdogo wangu.

Tuko hospitali. ~~Usije.~~ Njoo, na shuka safi mbili. Ila ukifika usianze kueleza. Leo sikiliza.

Dada wa mgonjwa, na bado mkeo