Bango la Uvumilivu

Mutakura, 16 Novemba

Eti shefu wa mtaa ametuchagua mimi na jirani yangu Mama Divine tushike bango la Siku ya Uvumilivu: yeye Mrundi, mimi Mkongomani, picha ipendeze. Hajui kwamba hatusalimiani tangu maji ya mvua yatoke kwake yakaingia kwangu, nami nikamwita mchawi.

Hotuba haziishi. Mikono ikaanza kuniuma.

"Mama Furaha, shusha kidogo. Mi nimeshika," akaniambia bila kuniangalia.

Nikashusha. Nikapumzisha mkono mmoja, kisha wa pili. Shefu akausifu urafiki wetu, watu wakapiga makofi.

Tukarudi nyumbani, kila mutu upande wake wa barabara.

Kesho nitamwomba msamaha kwa lile neno. Habari ya maji, hapana.