Mbwa Wangu Ameposwa na Kaka Yake

Mpendwa Bi Mwamvita, msaada nitauomba baadaye kidogo, kwanza naomba nafasi gazetini nitangaze, kwa heshima zote na kwa niaba ya ukoo wangu ulioko Igawa na ule uliobaki Kwimba, kwamba binti yetu Yatapita ameposwa, mposaji ni kijana wa Ipogolo mwenye kazi ya kudumu ya ulinzi, mahari ni tairi kuukuu la trekta la kunyweshea ndama, na wote wawili, bibi harusi na bwana harusi, ni mbwa.

Cheka kidogo halafu uendelee kusoma, maana jambo lenyewe limeninyima raha. Mimi ni Msukuma, mfugaji, nilihamia huku Usangu kwa miguu pamoja na ng'ombe, mke wangu Ng'washi na mbwa mmoja dume aliyeitwa Tutafika, jina nililompa njiani kwa sababu kila tulipopumzika mke wangu aliniuliza kama tutafika, na mimi nilipochoka kujibu nikawa namwita mbwa tu. Mbwa huyo alitembea nyuma ya kundi safari nzima, hakutangulia hata siku moja, na hakulala mpaka ndama wa mwisho alale. Tulipofika huku akajichagulia mahali pake kando ya boma, jioni anaketi ameelekea tulikotoka, na mimi nikawa namaliza kukamua naketi karibu naye, hatusemi kitu, tunatazama upande huo mpaka chakula kiive. Wale ng'ombe tuliotoka nao wamekufa au wameuzwa, watoto wangu wamezaliwa hapa hapa, na Ng'washi hapendi habari za kule. Kwa hiyo aliyekuwa amebaki wa kukumbuka pamoja nami ua wa mama yangu, ule wigo wake wa mnyaa, na kile kisima chenye maji ya chumvi kidogo, alikuwa mbwa.

Masika iliyopita Tutafika akafa. Nikamzika, jambo ambalo majirani wamelizungumza vya kutosha.

Aliacha watoto wawili kwa jike wa jirani. Mmoja ni huyu Yatapita, na mwingine, dume, nilimpa angali mdogo Marcelino, fundi wa kuziba pancha pale Ipogolo, siku lori letu la ng'ombe lilipopasukiwa tairi mbele ya banda lake. Nikasahau. Sasa juzi nimekwenda Iringa kutafuta dawa ya mifugo, nikashuka Ipogolo ninyooshe miguu, nikamkuta dume huyo amelala juu ya rundo la matairi, kifua cheupe, sikio la kushoto limelala, na aliponiona akanyanyuka nyuma kwanza kama anavyonyanyuka ng'ombe, na mimi maishani mwangu nimeona mbwa mmoja tu aliyenyanyuka hivyo. Nikaita, "Tutafika." Akaja.

Marcelino akasema, "Mzee, huyo anaitwa Bosi, na anamjia kila mtu mwenye nyama mfukoni."

Sikuwa na nyama.

Ndipo wazo likaniingia, mama, na halijatoka. Damu ya Tutafika imegawanyika sehemu mbili, moja iko Igawa na nyingine Ipogolo, basi nikizikutanisha si atarudi? Marcelino akakubali kabla sijamaliza kusema, kwa kuwa madereva wanamsumbua wakitaka watoto wa Bosi, na huku kwetu nimekwisha mwahidi mtoto mmoja jirani yangu Roza, mjane, ambaye fisi wanamlia mbuzi wake mmoja mmoja kama wanaolipiwa chakula.

Nikaona nimshirikishe bwana mifugo wetu, Lutengano, tulipokutana kwenye josho, nikitegemea pongezi. Akamshika Yatapita kidevu, akammulika macho kwa tochi, jicho moja kisha la pili, akarudia la kwanza.

"Mzee Budeba, baba yake alikufaje?"

"Uzee."

"Na macho?"

"Alikufa nayo."

"Nauliza, jua likizama alikuwa akitoka?"

Nikamweleza kwa fahari kwamba miaka yake ya mwisho Tutafika alikuwa mtu mzima kamili, giza likiingia hatoki nje ya boma, na akitembea anaambaa uzio taratibu kama mzee anayekwenda barazani. Lutengano akazima tochi.

"Huyo alikuwa haoni gizani, mzee. Wewe ulidhani ni heshima."

Tukamwingiza Yatapita ndani ya kibanda mchana ule ule, tukafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia, Lutengano akapanga njiani vigoda, ndoo na nira, akaniambia nimwite kutoka upande wa pili. Akaja, akaikwepa ndoo, akaikwepa nira, kigoda cha mwisho akakigonga kwa bega. Nikamwambia Lutengano kigoda kilikaa vibaya. Akasema kigoda kilikaa kama vigoda vinavyokaa, na kwamba ugonjwa huu unakwenda na damu, mbwa anaweza kuubeba bila kuugua, ila ukiwakutanisha ndugu wawili walioubeba utakuwa umeupa ugonjwa mlango wa mbele na wa nyuma. Akataka Bosi naye aletwe apimwe. Nikampelekea Marcelino salamu kwa dereva, zikarudi hivi: "Mbwa wangu haumwi, haendi hospitali. Jioni anajikwaa kwenye jeki kwa sababu ya taa za malori."

Ng'washi naye, niliyedhani atanielewa, akasema akiwa anapepeta mpunga, hata hakuniangalia, "Baba Shigela, mama yako yu hai Kwimba, kila barua anauliza utakwenda lini, na wewe umekaa hapa unamtafutia mbwa mume."

Sasa Yatapita yuko kwenye joto. Nimemfungia ghalani, madume wote wa Igawa wamelala nje kama abiria wanaosubiri basi, na Marcelino anasema nikitoa neno moja atashuka na Bosi kwa lori la kwanza. Nikikubali, labda atazaliwa kipofu, labda hatazaliwa kipofu. Nikikataa, nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mikono yangu akiwa mzima. Mimi sitaki mbwa wa kuuza wala wa kujivunia. Nataka nimwone tena akinyanyuka nyuma kwanza, basi, halafu tuketi. Nishauri, nitafanya utakalosema.

Budeba, Igawa

MAJIBU YA BI MWAMVITA

Baba Shigela, jina hilo nimeliazima kwa mkeo, kwa kuwa ndiye mwenye akili katika barua yako.

Nikuambie mapema kwamba mimi mbwa akinigusa nguo naifua mara saba, moja kwa udongo. Usidhani basi nasema kwa mapenzi ya mbwa. Nasema kwa ajili ya Roza, anayengojea mlinzi wa mbuzi zake, na wewe unataka kumpelekea mlinzi ambaye fisi akija itabidi ashikwe mkono aonyeshwe.

Nijibu hapo ulipo. Fahali wako umewahi kumwacha ampande dada yake? Nimeuza kanga na chumvi hapa Mbeya miaka mingi, Wasukuma nawajua kaunta hii hii. Fahali wenu akikaribia kuwapanda watoto wake mnampeleka kwa jirani na kuchukua wa jirani, na ukimwuliza mzee kwa nini, anakutazama kama umemwuliza kwa nini watu huoga. Ndama akizaliwa unamjua mama yake, bibi yake na siku bibi huyo alipokataa kukamuliwa. Mtu wa namna hiyo akifika kwa mbwa anasema nikutanishe damu kwa damu. Aibu, baba. Ulichokijua ukiwa mtoto umekiacha kwenye zizi la ng'ombe ukatoka mikono mitupu.

Na mama wa hawa mbwa yuko wapi? Tutafika umenieleza mpaka anavyonyanyuka. Huyo mwenzake umempa maneno matatu, "jike wa jirani." Nusu ya Yatapita imetoka kwake, nusu ya Bosi vilevile. Ukiwaoza hawa wawili, baba yao hawezi kutoka mzima, kwa sababu hakuna aliyembeba mzima. Utapata kifua cheupe, labda sikio, na macho yale yale.

Pole lakini. Pole ya msiba, na wanaocheka wacheke. Marehemu mume wangu alikuwa na kikohozi chake cha mlangoni, akikohoa hivyo mimi najua nipakue. Kuna utingo mmoja hapa mtaani anakohoa vile vile. Mpaka leo akipita nashika mwiko. Sijamwomba anioe.

Kwa hiyo fanya hivi. Marcelino mwambie hapana, na usimpelekee salamu kwa dereva, panda lori uende mwenyewe, ukamweleze jinsi baba yake Bosi alivyoishia kuambaa uzio. Bosi apimwe, maana mali za watu ziko chini ya macho hayo, na jeki haina kosa. Yatapita mfungie mpaka joto lipite, na hao abiria wa nje wamwagie maji. Lutengano ampime tena baadaye kwa tochi na kwa vigoda, wala wewe usishiriki kuvipanga. Akizidi kugonga, asizae kabisa, na asionewe huruma kwa hilo. Alinde mchana. Roza mtafutieni mtoto wa mbwa mahali ambapo wazazi wote wawili wapo, muwaone wanavyopita ndani ya kibanda chenye giza, kisha muulize wazazi wa wazazi hao walikufaje, na mtu akikujibu "uzee" usikubali, wewe tayari unajua jibu hilo lina thamani gani.

Halafu nenda Kwimba. Basi lipo mpaka Dodoma, na pale kuna garimoshi la Mwanza. Mbwa uliyemlilia alikuwa anatazama upande huo kila jioni, na wewe mwenye nauli ulikuwa unatazama pamoja naye. Kaa uani kwa mama yako, unywe hayo maji yenye chumvi, akusimange kwa kutofika, ukubali. Mchukue na huyo mwanao Shigela. Akirudi Igawa utakuwa na mtu wa kukumbuka naye ule mnyaa, tena huyu anaweza kujibu.

Na ikiwa ndoa imekwisha fungwa kabla hujasoma haya, watoto wasigawiwe mpaka Lutengano awaone, na kila anayechukua aambiwe ukweli akiwa bado hajamshika, kwa sababu akishamshika hatasikia.

Barua yako umeiandika mwezi wa pili. Imenifikia juzi, na huu ni mwezi wa tano. Mbwa jike hubeba mimba miezi miwili.