Keki ya Mgeni

Jumatatu, 15 Septemba

Wiki mbili zimebaki. Barua yangu ya kuacha kazi walipokea mwezi jana, na leo ndiyo mara ya kwanza bosi Gichuru kuitaja. Amesimama mbele ya meza yangu ya mapokezi, macho kwenye saa iliyo ukutani juu ya kichwa changu — miaka minane mtu huyu ananisalimia akitazama saa! — akasema nimfundishe Bridgit kazi vizuri, wageni wasije wakapotea. Basi. Miaka minane, sentensi moja.

Bridgit ndiye atakalia kiti changu. Amekuja kwa mafunzo akitoka chuo. Kucha ndefu mpaka kalamu inamponyoka. Nimemwonyesha kitabu cha wageni, ufunguo wa droo na simu ya ofisi. Simu hii inashikwa na mtu wa mapokezi peke yake, na saa kumi na moja jioni inafungiwa kwenye droo, haiendi nyumbani na mtu. Ameniuliza kazi yenyewe ni gani hasa. Nikamwambia ni kutabasamu. Akaandika!

Jioni nimepita mtaa wa Soweto East kukitazama chumba changu cha kuokea keki. Changu! Oveni ya gesi imefika, iko katikati ya sakafu bado na plastiki yake. Ukutani kuna picha za vichwa, kwa sababu kabla yangu alikuwepo kinyozi. Nitapaka rangi Jumapili. Sitaki mengi. Nataka mteja mmoja mkubwa, shule au hoteli, wa kuchukua keki kila wiki. Bila huyo mmoja mimi ni mwendawazimu mwenye oveni.

Jumanne, 16 Septemba

Saa tano simu ya ofisi imetetemeka. Grupu jipya la WhatsApp — "Send-off ya Mideva". Limeundwa na Derrick, yule wa miradi, mwenye viatu vya kuchongoka na shahada anayoitaja kila Jumatatu. Amewaingiza watu wote wa ofisi isipokuwa mimi. Halafu akaiingiza na namba ya ofisi, kwa mazoea. Namba hiyo iko kwenye kila grupu letu, la harusi, la matanga, la mtoto wa Gichuru kupashwa tohara. Hakuna aliyekumbuka kwamba namba ina mtu anayeishika.

Nimefurahi kama mjinga. Wananiandalia kitu! Nikajiambia sitachungulia, nisiharibu.

Nimechungulia.

Derrick anauliza keki itatoka wapi. Anajijibu mwenyewe — si tumwambie Mideva apike, tumdanganye kuna mgeni wa wafadhili anakuja Ijumaa ya mwisho. Apike keki yake ya kuagwa, aibebe mwenyewe, aone sura yake mwenyewe ikishtuka. Gichuru amejibu: Sawa. Bridgit ameweka nyuso sita za kucheka machozi. Nimezihesabu. Ameziweka akiwa amekaa kando yangu, magoti yetu yakigusana chini ya meza.

Alhamisi, 18 Septemba

Zawadi yangu ni saa ya ukutani. Derrick amesema kwenye grupu ni ili nijue saa kamili ambayo biashara ilikufa.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo wamefungua mashindano. Nani atabahatisha mwezi nitakaorudi kuomba kazi? Derrick anasema Krismasi haifiki. Mwingine anasema Januari, nikishalia sikukuu nzima. Gichuru, ambaye huwa haandiki zaidi ya neno moja, leo ameandika sita: Akirudi kuna nafasi ya kufagia vyoo.

Kisha Derrick akatuma sauti yake. Ananiiga. "Karibu, una miadi?" Na lafudhi yetu ya Vihiga, ile ninayoificha nikishika simu! Ameipata sawasawa, mwizi. Nimeisikiliza mara tatu, sikio kwenye simu, huku nikimwandikisha mzee wa Gatwekera aliyekuja kuuliza choo chao tunachowajengea kitamalizwa lini. Mzee akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, ni kazi tu.

Saa tisa Derrick mwenyewe amekuja kuegemea meza. "Niaje Mide! Manze tutakumiss, si utani. Next Ijumaa tuko na mgeni wa wafadhili, si utupikie keki? Ile kubwa."

Nimemwambia sawa. Nimetabasamu. Ndiyo kazi yenyewe.

Mtu mmoja tu hajaandika kitu katika grupu lile. Seline wa hesabu. Seline wangu. Tunakunywa chai ya saa nne pamoja miaka sita, tunatembea pamoja jioni kutoka ofisini Kawangware, mimi naingia mtaa wa Lindi, yeye anaendelea Gatwekera. Ndoto ya keki nilimwambia yeye kabla sijamwambia mama. Hajacheka. Wote wamecheka, yeye kimya. Nampenda kwa kile kimya.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani, kisha rangi. Seline amekuja na brashi yake na leso kichwani, tumepaka kuta mbili na nusu. Vichwa vya kinyozi vinaonekana bado chini ya rangi nyeupe, kama watu wanaochungulia pazia. Seline anasema nipake mara ya tatu.

Nimengoja aniambie kuhusu grupu. Hata kwa kuzunguka. Hakusema. Badala yake, akiwa juu ya stuli, mgongo kwangu: "Wee Mideva, hiyo keki ya Ijumaa ipike ile ya machungwa. Kama ile uliyotupikia mkutano wa Agosti. Mgeni ataipenda."

Mgeni! Nimemtazama. Hakugeuka.

Kwa hiyo na yeye yumo. Anajua hakuna mgeni, na bado ananidanganya juu ya stuli yangu, ndani ya chumba changu. Nimejiambia labda hataki kuharibu mshangao. Labda. Nimeosha brashi yake vizuri sana kuliko yangu, sijui kwa nini.

Jumatatu, 22 Septemba

Bridgit amempitisha mgeni bila kumwandikisha. Nimemkaripia mbele ya watu mpaka kope za bandia zikalowa. Nimejisikia vizuri. Sijutii.

Jumatano, 24 Septemba

Saa kumi na dakika hamsini. Naandika saa kwa sababu nataka kuikumbuka.

Derrick ameuliza kwenye grupu: kwani hizo keki za Mideva ni tamu kweli, au tunakula kwa adabu? Seline, mama wa kimya, ameandika. Neno lake la kwanza tangu Jumanne ile.

"Ya kwanza aliyonipikia niliimeza na maji kama dawa ya minyoo."

Grupu likalipuka. Nyuso za kucheka mpaka chini. Gichuru mwenyewe kaweka moja.

Sikungoja zaidi. Nimeizima simu, nikaifungia kwenye droo, ufunguo nikampa Bridgit. Kesho nina likizo ya siku moja iliyobaki, kwa hiyo simu ni yake kuanzia sasa. Sitaigusa tena maishani.

Seline alikuwa mlangoni ananingoja tutembee. Nimemwambia nina haraka. Nimepita peke yangu, na mpaka Lindi nilikuwa naongea na nafsi yangu kwa sauti, watu wakinipisha. Derrick akinicheka, ni Derrick. Mbwa hubweka. Lakini huyu alikula keki ile nyumbani kwangu, akalamba kidole, akaniambia nina mkono! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni itakuja kwa wakati wake.

Alhamisi, 25 Septemba

Chumbani kwangu Soweto East, asubuhi. Kuta nyeupe kabisa sasa. Keki ya kwanza ya oveni yangu mpya.

Nimepima unga. Nimekwangua maganda ya machungwa sita. Mayai ya kienyeji, siagi ya kweli — nisije nikalaumiwa kwa ubahili! Sukari kidogo tu, ya kuipa rangi. Kisha chumvi. Si chumvi ya mtu kusema mkono uliteleza. Vijiko kumi vya kulia chakula, vilivyojaa.

Desturi ya ofisi yetu naijua, mimi ndiye niliyeipanga kila mara. Anayeagwa anakata keki. Halafu anamlisha kila mtu kipande kwa mkono wake, mmoja mmoja, mbele ya simu zinazorekodi, na wewe unafungua mdomo kama kifaranga na huwezi kutema, kwa sababu bosi anatazama na video inakwenda kwa wafadhili. Nitamlisha Gichuru. Nitamlisha Derrick, kipande kikubwa kama ngumi. Nitamlisha Bridgit na nyuso zake sita. Seline nitamlisha wa mwisho, polepole, na maji sitampa.

Halafu watanilisha mimi. Nitameza. Miaka minane nimemeza mengi pale.

Imeumuka vizuri kuliko zote nilizowahi kuoka! Haikupasuka, haikuzama katikati. Nimeipaka krimu nyeupe, nimechora majani ya machungwa pembeni, moja moja, kwa saa mbili. Shetani ana mkono wa kuoka. Mama Hope wa kiosk ya jirani amechungulia, akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo Soweto nzima, akaomba kipande. Nimemwambia ni ya mgeni.

Jioni Seline amepiga simu mara nne. Sikushika.

Ijumaa, 26 Septemba

Naandika nikiwa katika choo cha ofisi. Mguu mmoja umezuia mlango kwa sababu komeo limevunjika tangu Machi — ofisi ya kujengea watu vyoo! Begi langu liko hapa na vitu vyote vya droo, ndiyo maana daftari ninalo. Huko nje wanaimba. Acha niandike kwa mpangilio, labda nikipanga nitajua la kufanya.

Saa nane nimeleta keki. Wote wakapiga kelele, "Ni yako! Ni yakooo!" Nikashtuka kama walivyotaka, mkono kifuani. Gichuru akahutubu. Akaniita Midecha. Derrick akasema mimi ni nguzo, ni mama wa ofisi, sijui watapata wapi mwingine. Saa ya ukutani ikatolewa kwenye karatasi ya maua. Nilikuwa na furaha! Ile furaha mbaya, ya tumboni. Kisu nilikuwa nimeshakishika.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mnene, mtulivu, na mkoba mweusi chini ya kwapa. Seline akamkimbilia, akamshika mkono, akamleta mpaka kwangu.

"Mideva, huyu ni dada Wayua. Tuko naye kwaya. Ndiye anapikia zile shule nne, za huku Kawangware mpaka Dagoretti. Anatafuta mtu wa keki za kila wiki."

Nikasema naomba dakika moja, choo.

Bridgit amenifuata. Amesukuma mlango, akaingiza kichwa, simu ya ofisi mkononi, kope zinatetemeka. "Madam... hii namba iko kwa group. Ulikuwa unasoma?" Nikamwambia ndiyo, zote. Akaanza kulia, akasema pole, akasema ni Derrick. Nikamwambia alete hapa hiyo simu.

Nimesoma. Jumatano, saa kumi na moja na dakika mbili. Droo ilikuwa imeshafungwa. Seline:

"Sasa mmemaliza kucheka? Hiyo ilikuwa ya kwanza, miaka miwili iliyopita. Ya Agosti nilifunga kipande kwa karatasi nikampelekea dada mmoja wa shule. Alilia kwa utamu wa yale machungwa. Anakuja Ijumaa kuonja. Atakayemwambia Mideva, ataniona."

Hata uso mmoja wa kucheka hakuna.

Nimemfukuza Bridgit. Nimemwambia akatabasamu.

Nikisema keki ina chumvi, nitasema kwa nini, na Wayua atajua mimi ni mtu wa namna gani kabla hajajua kama najua kuoka. Nikinyamaza, atajua vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Nikiiangusha, Derrick anarekodi, na Seline amesimama karibu na meza, ataidaka kwa mikono yake miwili kama anayedaka mtoto. Mama husema hasira hasara. Sikuwahi kumuuliza hasara ya nani.

Kisu bado ninacho. Nilikuja nacho chooni bila kujua.

Seline anagonga. Sauti yake ina kicheko, hajui kitu, ana furaha kuliko mimi nilivyowahi kuwa nayo. "Wee Mideva! Toka bana, utalia baadaye!" Anasema Wayua amekataa kukatiwa na mtu mwingine, anataka kulishwa na mkono wa mpishi mwenyewe, na awe wa kwanza.

Nimesema nakuja. Sijasogea.

Anagonga tena. Ameinamisha mdomo kwenye upenyo wa mlango, ananong'ona wasimsikie. Anasema nimkatie kipande kikubwa, kile cha katikati chenye krimu nyingi, kwa sababu dada Wayua hajala tangu asubuhi, ameiwekea keki yangu nafasi —