Jiwe la Bibi Zuhura

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, ila nikianza bila hiyo utaninyooshea kidole hata huko uliko.

Tangu tukuzike, sukari imezidi kuadimika. Foleni ya duka la ushirika sasa inapangwa kabla ya adhana ya alfajiri, na bado tunapanga mawe ya kushikia nafasi, kila jiwe na mwenyewe. Mimi natumia lile lako, kipande cha kinu. La Bibi Zuhura wa chumba cha uani namwekea, maana miguu imemvimba, anajikongoja mpaka afike jua limeshapanda.

Jumatatu akaja binamu wa meneja wa duka, kajifunga doti mpya ya khanga. Akalisukuma jiwe la Bibi Zuhura kwa kandambili, akasimama pale. Watu wote wanaangalia chini, maana meneja akikununia, sukari imekwisha na magunia unayaona. Nikamsalimu vizuri kabisa. Nikaliokota jiwe, nikalirudisha, nikamwambia samahani dada, hapa pana mtu.

Meneja akatoka. Tunamwita ndugu, lakini undugu wenyewe unaishia kwa binamu zake. Akanisimanga mbele ya foleni nzima: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!" Na sukari sipati mpaka nimwombe radhi.

Mama, angenitukana mimi ningemeza. Lakini wewe! Udongo wako haujakauka!

Mama mdogo ananibembeleza. Mwanangu, nyenyekea, ndiyo adabu, maandazi utakaanga na nini? Kweli, maandazi ndiyo yanatulisha mimi na wadogo zangu. Lakini nikimwomba radhi yule, nimekiri kwamba hukunifunza. Thubutu!

Nani basi alikuwa akinifinya na kuniambia, "Adabu ya mbele ya mtu hata mwongo anaiweza, nataka kuiona yako akishageuka"? Unaikumbuka ile mvua, wenzako wote wamekimbilia barazani, wewe umesimama unalowa, unalinda jiwe la Mama Rajabu? Na Mama Rajabu hamsemeshani tangu Idi! Nikakuuliza kulikoni. Ukanijibu, "Nimenuniana naye, sijanuniana na jiwe lake." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jamani, Mama. Ninavyokukumbuka.

Jana nikaenda dukani. Shikamoo, ndugu meneja. Marahaba. Akakunja mikono, anangoja nipige magoti. Nikamwambia nimekuja kumjulisha tu kwamba mama yangu alinifunza. Nikamuaga, nikaondoka. Sikugeuka nyuma.

Sukari sikupata. Leo nimekaanga maandazi ya chumvi, nikayapeleka kwa wapagazi wa Msimbazi kama kawaida. Wamenicheka hao! Mmoja ananiuliza kama nimeyachovya baharini. Lakini wameyala, na chai ya rangi. Mama mdogo haniongeleshi.

Na aninunie. Wao wanataka adabu ya kuinama kwa mwenye ufunguo wa stoo. Hiyo mimi naita woga, na wewe hukuwa mwoga.

Pumzika sasa, mama yangu, Mungu akuangazie kaburi. Nakuahidi jambo moja. Wasiniuzie hata punje, kesho alfajiri nitakuwa palepale kwenye foleni, nimesimama kando ya jiwe la Bibi Zuhura mpaka mwenyewe afike. Na meneja akija kuniuliza nimefuata nini, nitamwamkia kwanza.

Mwanao uliyemfunza,
Salma